Kitenge cha Kumtandikia Chefu

Juma zima katekista Godefroid aliwafundisha watu wa kijiji, hapo kwenye njia ya Koni, namna ya kumshangilia chefu mpya, mkuu wa eneo lao. Alikuwa na Biblia nzima mdomoni. Solomoni alipotawazwa, watu walipiga filimbi mpaka nchi ikatetemeka. Yoashi alipigiwa makofi. Yehu alitandikiwa mavazi kwenye ngazi. "Na sisi tutatandika bitenge," akasema, na akina mama wakaitikia, maana hilo walilifanya tangu zamani bila kuiuliza Biblia.

Marcelline, mjane, hakushika habari ya filimbi wala ya makofi. Alishika moja tu: Daudi alipokwisha kukaa kwenye kiti, alimwita kilema Mefiboshethi, akamrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli. Kumbe mfalme mpya hurudisha mashamba! Shamba lake la mihogo, chefu aliyekufa alikuwa amelitoa kwa kampuni ya kuchimba mawe ya madini, isiyo na hata kibao getini, na mjane hakuwa na lingine. Binti yake Tina alimwambia asijidanganye. Mama hakusikia la mtu.

Siku ya sherehe akatoa sandukuni kitenge alichokuwa amejiwekea kwa maziko yake, akakitandika vumbini. Ngoma zinalia, akina mama wanacheza, na huyo chefu mpya anakuja, bwana mnene mwenye viatu vyeupe. Alipokikanyaga, Marcelline akapiga magoti mbele yake.

"Chefu, minye niko naomba shamba yangu."

Ngoma zikanyamaza. Chefu akacheka, tena kwa upole, kana kwamba ameombwa maji ya kunywa.

"Mama, leo ni furaha. Mutagabanya. Weye kamata nusu, bale ba mawe bakamate nusu."

"Nusu gani, Chefu?"

"Yako ni ile yenye balimaliza kuchimba."

Watu wakaisifu hekima yake, Mungu awasamehe. Marcelline akamtafuta Godefroid kwa macho. Katekista akasogea, akainama sikioni pake, jasho linamtoka.

"Mama, hata Daudi kisha alisema bagabanye, ule kilema na mutumishi wake. Ni mbele kidogo. Sikuwasomea."

"Na kilema alijibu nini?"

"Alisema ule mwingine akamate yote, kwa sababu mufalme amerudia salama."

Basi. Nusu iliyokwisha kuchimbwa ilikuwa shimo tu, lisilo na udongo wa kupandia hata muhogo mmoja. Mvua zikianza litajaa maji, na hapo litakuwa la vyura. Kwa hasira Marcelline alitaka kukivuta kitenge chake. Lakini wanawake wote walikuwa wakimtazama, wakimngoja, na chefu bado amesimama juu ya kitenge cha maziko yake.

Akafumba macho, akapiga vigelegele, na ngoma zikaanza tena.