Kucheka na Gunia Mgongoni

Saa moja asubuhi Eulalie alikuwa amekwisha kufungiwa gunia la makaa mgongoni, mkanda umepita kwenye kipaji cha uso, akiwangoja wenzake kwenye kibandari cha ziwani ambako boti zitokazo Kalehe hushusha mizigo. Wanawake wa kazi hii hawatui gunia likishafungwa, kwa sababu kulipandisha tena kunataka watu wawili, na watu wawili hawapatikani. Hungoja nalo, husalimiana nalo, hata kusali husali nalo.

Wiki mbili nyuma mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi hata akashindwa kumsuka binti yake nywele. Muuguzi alisema ni shingo: abebe nusu gunia, la sivyo ganzi itahamia mkono wa pili. Eulalie alimpelekea maneno hayo Papa Hervé, mwenye depo, ghala la makaa huko juu mlimani Muhumba wanakopeleka magunia.

“Nusu haiko, maman,” Hervé alimjibu. “Lakini naona muko na stress mingi. Nitawaitia mutu.”

Mtu huyo aliitwa Aimée. Alikuwa amesomea kicheko siku tatu na alikuwa na brevet, cheti chenye muhuri. Asubuhi hiyo ya Jumatatu, pale kibandarini, aliwapanga duara, akawaambia wapige makofi, wavute pumzi, waseme ha-ha-ha mpaka kicheko cha kweli kije. Hakuwaomba watue mizigo, nao hawakutua. Mwanzoni walicheka kwa adabu tu. Kisha mwenzao Domitille akakoroma katikati ya kicheko, na kundi zima likavunjika mbavu. Ilikuwa raha, tusidanganyane. Eulalie hakuwa amecheka hivyo tangu mazishi ya mama mkwe wake. Miguu yao ikaacha ardhi kiasi cha kiganja, wakaelea pamoja na magunia yao, na Aimée akaandika kwamba zoezi limefaulu.

Walipanda mlima bila kukanyaga matope, na shingo ya Eulalie haikumuuma.

Papa Hervé aliwapokea mlangoni pa depo. Akainama, akapitisha mkono chini ya ndala za kila mmoja. Hakuwa na ubaya, alikuwa anapima tu. Kesho yake kila gunia liliongezwa makaa kwa kiasi cha kuzirudisha ndala chini.

“Papa Hervé, mi niliomba upunguze,” Eulalie alisema.

“Maman, jana ulikuwa unaruka. Nilikuona na macho yangu.”

“Nilikuwa nacheka.”

“Basi endelea kucheka. Mi sikatazi.”

Aimée hakuja siku hiyo, alikuwa na kikao Walungu. Eulalie alianza kupanda bila kucheka. Kwenye kona ya tatu shingo ilimkaza, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Gunia lilikuwa zito kuliko lile alilolilalamikia, na kulitua hawezi. Akasimama, akavuta pumzi, akasema ha-ha-ha kwa midomo mikavu mpaka mzigo ukapungua kidogo. Alikuwa amechoka, amechoka hata na kicheko chenyewe. Wanawake wauza samaki kando ya njia walimpisha.

“Ule maman iko na furaha leo,” mmoja wao alisema.

Eulalie alipita akisema ha-ha-ha. Kujibu kungemkatiza kicheko, na mbele bado kulikuwa na kona nne.