Nani Atamlisha Mama

Mwezi wa stroberi ulikuwa umeanza kupungua, na mama alikuwa bado hajalishwa.

Kwetu, aliyefiwa haligusi tunda la msimu kwa mkono wake. Anangoja mtu asiye na msiba amtilie la kwanza mdomoni. Akishalishwa, msimu ule ni wake tena: anachuma, anapika, anakula na watu. Asipolishwa, anakaa pembeni na msimu unampita. Mama alikuwa amepitwa mwaka mzima. Stroberi za mwaka jana zilimkuta kaburi likiwa bado bichi, akafunga mlango. Zikaja buluberi za Agosti, akafunga. Ulipoiva mpunga wa ziwani, mama, ambaye upande huu wa ziwa hakuna aliyempita kwa kuupukutisha kwa fimbo ndani ya mtumbwi, alikaa dirishani akitazama mitumbwi ya wenzake ikirudi imejaa. Jina la kaka yangu halikutajwa nyumbani tangu barafu ilipomchukua, na halingetajwa mpaka mama ale.

Mimi nililishwa mapema. Shangazi Idella alikuja na bakuli asubuhi moja, akaniambia nifungue mdomo, nikafungua. Sikuwa na sababu ya kukataa. Tunda lilikuwa kama karatasi iliyolowa. Akaniuliza kama ni tamu, nikasema tamu. Akanitazama kidogo, akasema hata kudanganya nimesahau.

Zamani nilikuwa mtu wa kuwaka. Niligombana na polisi wa barabara kuu, na walimu, na mwamuzi wa mpira wa magongo mpaka nikafungiwa kucheza. Mwaka ule nilipasua kuni, nikalala, nikaamka, nikapasua nyingine. Hata Lorne sikumchukia. Nilimweka mahali nisipomwona, basi.

Lorne ni mtoto wa mjomba, na kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako wa maisha. Ndiye aliyeendesha pikipiki ya theluji siku ile wakivuka ziwa, kaka yangu nyuma yake, barafu ikiwa nyeupe na ngumu machoni. Ikapasuka, na Lorne peke yake akatoka majini. Hakuna aliyemshutumu kwa mdomo. Watu waliacha tu kumtania, na mtu asiyetaniwa kwetu ni kama hayupo. Akahamia kwenye trela la zamani karibu na reli, akawa anatengeneza injini za mashua za watu ambao walizileta na kuzichukua bila kukaa.

Wiki ile shangazi alimjaribu mama kwa bakuli, mama akageuza uso. Akaja Bernadine wa jirani, akageuza uso. Akaja mzee mtunza ngoma, naye akarudi na tunda lake. Kisha tukagundua kwamba mama amempa Bernadine fimbo zake za kupukutishia mpunga, zile za mwerezi alizochongewa na baba kabla hawajaoana. Amempa moja kwa moja, si kumwazima. Shangazi aliposikia hivyo alikaa chini. Mtu akigawa fimbo zake, alisema, ameshaamua hatarudi kwenye maji wala kwa watu, na stroberi zenyewe zimebaki za kando ya reli tu, nazo zinakauka.

Karamu ya stroberi ilikuwa alasiri ya siku hiyohiyo, uwanjani kwetu. Shangazi aliingia ndani akamuuliza mama waziwazi anamtaka nani. Mama akajibu neno moja. Akamtaka Lorne.

Shangazi akatoka kunituma. Alikuwa amerudi kwenye samaki wake, akiwapasua matumbo mezani nje, na alinipa amri bila kuinua macho: nichukue pikapu nikamlete. Nikamwambia aende mwenyewe.

"Huu mwezi una kazi moja, mwanangu," akasema. "Hakuna anayefukuzwa kwenye bakuli. Mliogombana mnakula pamoja, ndiyo maana tunda likapewa umbo la moyo. Kama ulitaka mwezi wa kununa, Januari ipo."

"Mimi na Lorne hatujagombana."

"Hilo ndilo baya zaidi." Akatupa matumbo kwenye ndoo. "Nenda."

Njiani nilitia petroli, nikajimwagia mikononi kwa uzembe. Sikuwaza kitu. Kama kulikuwa na hasira mahali fulani ndani yangu, ilikuwa chini sana, na juu yake kulikuwa na barafu.

Lorne alikuwa nje, ameinamia injini. Amekonda. Nilibaki nimesimama karibu na mlango wa gari nikamwambia mama anamtaka akamlishe, leo, sasa hivi. Aliufuta mkono wake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko ulivyohitaji kufutwa.

"Siwezi," akasema.

Nikamwambia hii si hiari yake. Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaishangaa.

"Siwezi kwa sababu sijalishwa, Garnet. Mwenye msiba hamlishi mwenye msiba. Nikimlisha hivi nilivyo, nitampa na wangu."

Kwanza sikumwelewa. Nilimuuliza ni msiba gani, na swali halijaisha nikaelewa. Wangu ulikuja kuondolewa na bakuli la shangazi. Wa binamu zetu wengine vilevile, kila mmoja alikuwa na mtu wa kumgongea mlango. Kwake hapa injini zilikuja na kwenda. Hakuna aliyekumbuka kwamba hata yeye alifiwa siku ile. Akaniambia, akitazama kitambaa, kwamba tangu wakati huo hajala stroberi, wala buluberi, wala punje ya mpunga wetu. Dukani hata jamu anaipita.

"Jamu ni ya kiwandani," nikasema.

"Sikutaka kubahatisha."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Uwanjani kwetu watu wanangoja, mama ameketi na mdomo umefungwa, na hapa kati yangu na Lorne kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeshalishwa. Nilifikiri kurudi kumwita shangazi. Nilifikiri pia kuondoka tu na kusema sikumkuta. Lakini miguu yangu ilishaanza kupanda tuta la reli nyuma ya trela.

Zilikuwepo, ndogo, chini ya majani yaliyopakwa vumbi la kokoto. Nilivunja sigara nikaweka tumbaku kidogo chini kuishukuru ardhi, nikachuma za kujaa kiganja. Niliposhuka, Lorne alikuwa amevua kofia. Alifumba macho na kufungua mdomo kama mtoto kwa daktari wa meno. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Nikamtilia tunda, kidole changu kikagusa jino lake, nikakitoa.

Alitafuna muda mrefu.

"Mikono yako inanuka petroli, binamu," akasema, macho bado yamefumbwa.

"Kwa sura hiyo, shukuru hata nimekaribia."

Ulikuwa utani wa kwanza kati yetu tangu ziwa. Haukunichekesha. Nilijua tu kwamba nimemjibu. Akaingia ndani kubadili shati, nikampa yale matunda yaliyobaki ayashike njiani, akayashika kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Watu walituona tukishuka, wakatupisha njia. Mama alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini ingawa kulikuwa na joto. Lorne akapiga goti mbele yake.

"Shangazi," akasema. Akamfunulia viganja.

Mama aliyatazama yale matunda, akamtazama usoni. "Nani kakulisha wewe?"

Lorne alinionyesha kwa kuchongoa midomo. Mama akageuka kunitazama, kwa muda, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa mbali. Kisha akafungua mdomo, na Lorne akamlisha.

Hakuna aliyesogea mpaka alipomeza.

"Chachu," mama akasema. "Emmet alizipenda chachu hivihivi. Alikuwa anazila kabla hazijawa nyekundu."

Shangazi Idella aliweka kisu mezani, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi baadaye na macho mekundu akifoka kwamba samaki wanapoa. Sahani zikaanza kupita. Mama akamwita Bernadine, akamwambia bila kuona haya kwamba anazitaka fimbo zake. Bernadine akasema alishajua, hata hakuziingiza ndani, ziko barazani.

"Kesho kazifuate, Garnet," mama akaniambia.

"Usiende," Lorne akasema, mdomo umejaa mkate. "Atakupiga nazo."

Bakuli likanifikia. Nilichukua tunda moja kwa mkono wangu mwenyewe. Lilikuwa na ladha ya petroli, na chini ya petroli, uchachu.