Mgeni Aliyeishia Madukani

Mwalimu Njeru hakuwa mwongo. Tuliseme hilo mapema, maana yatakayofuata yatamfanya aonekane mwongo wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa haya, basi, na haya zikipita kiasi humfikisha mtu mahali ambapo hata mwongo hajawahi kukanyaga.

Alifundisha Meru mjini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Lakini kwao ni Mbeere, nchi kavu ya Embu, ambako mvua hupita juu kwa juu ikielekea kwa wenye bahati. Kule, mama yake Ruguru na wanawake wenzake wa kikundi walichota maji kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka. Ungemwona mtu amezama shimoni hadi kiunoni, akiteka kata moja ya maji yenye rangi ya chai, akingoja mengine yachuruzike. Kwa miaka miwili Njeru alikuwa amewaandikia barua watu wa kanisa moja huko Denmark, akiomba wawasaidie kuchimba kisima kwa mashine. Hatimaye wakajibu kwamba wana pesa za kisima kimoja tu, na kijiji cha nchi nyingine nacho kinaomba. Wangemtuma mtu aje ajionee kwa macho yake, kisha waamue.

Kijiji kizima kilielewa. Mgeni akishafika mtoni, hakuna atakayehitaji kumweleza kitu.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama mmoja mstaafu aliyeitwa Hanne, aliyewahi kuwa muuguzi, mpole, mwenye daftari dogo asiloliweka chini. Alifikia Meru, na mpango ulikuwa wazi. Asubuhi wangeshika barabara ya Nkubu na Embu kwa gari la kukodi, wateremke Mbeere, mchana wawe mtoni na wanawake, jioni warudi.

Sasa wiki nzima kabla ya siku hiyo Njeru alikuwa akiiona nyumba ya mama yake kwa macho ya mgeni. Aliiona sakafu ya udongo. Akauona mlango wa choo, ambao ni gunia. Akaiona miguu ya mama yake iliyopasuka visigino, na mwili ukamwasha kwa aibu, kisha akaona aibu kwa kuona aibu. Kwao mgeni haonyeshwi upungufu. Huchinjiwa kuku aliyebaki, huwekewa kikombe kilichoazimwa kwa jirani, na wenyeji husema wao wamekwisha kula. Njeru alilelewa hivyo. Tofauti ni kwamba mama yake angeazima kikombe, yeye Njeru akaenda akaazima ghorofa nne.

Maana Meru palikuwa pamefunguliwa jumba jipya la maduka, vioo vitupu kuanzia chini hadi juu, sakafu inayokuonyesha uso wako, ngazi za umeme zinazompandisha mtu amesimama tu. Asubuhi hiyo Njeru alimwambia mgeni wapitie pale kidogo, wanywe chai kabla ya safari. Kidogo hiyo ikawa saa nzima, kisha mbili. Alimwonyesha duka la manukato, duka la saa za mkononi, mgahawa wenye viti vya ngozi. Hanne alishangaa, akasema mjini kwao hawana jumba kama hili, na kifua cha Njeru kikamjaa kana kwamba yeye ndiye aliyelijenga.

Walipofika ngazi za kwenda ghorofa ya tatu, bawabu mmoja akawasogelea kwa heshima. Alikuwa Kiogora, mwanafunzi wake wa zamani.

"Mwalimu, huko juu msisumbuke," alisema. "Maduka haijapata watu wa kukodi. Hizo ni mapicha tu wamebandika kwa vioo."

Hanne akauliza kijana anasema nini. Njeru akamjibu kwamba maduka ya juu hufunguliwa mchana. Hakumwambia pia kuhusu umati uliojaa pale, vijana kwa wazee, wasiokuwa na hata mfuko mmoja wa bidhaa mkononi, waliokuja kupanda ngazi za bure, kupiga picha na kurudi nyumbani. Mgeni aliona watu wengi madukani, akaandika kwenye daftari.

Saa tano Hanne akafunga daftari, akauliza wanaondoka saa ngapi. Hapo ndipo pangeweza kuokolewa kila kitu. Njeru alimtazama, akaliona tena lile gunia la chooni, na mdomo wake ukaenda zake. Alisema amepigiwa simu kutoka nyumbani. Mvua imenyesha sana mlimani, mto umefurika, barabara imekatika.

"Mto ule wa kwenye barua?" Hanne aliuliza.

"Ule ule," akajibu.

Waliagiza samaki. Mgeni alisikitika, kwa kuwa keshoye alikuwa anasafiri kurudi kwao, lakini akasema haidhuru, ameona mengi. Njeru alijitenga kando akampigia mama yake, akamwambia mgeni ameshikwa na tumbo. Ruguru alimpa pole, akauliza kama amepata mtu wa kumpikia uji.

Barua ilifika baada ya mwezi. Njeru aliisomea katika chumba cha walimu, na ilikuwa na adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Walimshukuru kwa ukarimu. Walisema nchi yenye maduka kama yale, na mto unaoweza kufunga barabara, bila shaka ina watu wa kuwasaidia wenzao, hivyo wameona haki kisima kiende kwa wale wengine. Mwishoni waliandika kwamba wanaifurahia sana hatua ambayo watu wake wamepiga.

Alijibu siku hiyo hiyo, akakiri yote. Hanne akamwandikia kwamba yeye anamwamini, lakini pesa zimekwisha kutumwa, na wenzake sasa hawajui waamini barua yake ipi. Mficha uchi hazai. Methali hiyo Njeru alikuwa akiifundisha kila mwaka, na kuitungia maswali ya mtihani.

Jumamosi aliteremka Mbeere. Wanawake walikuwa wamekusanyika uani kwa mama yake, wakidhani amekuja na tarehe ya mashine. Angeweza kusema wafadhili wamekataa, na wote wangeamini, kwa sababu wafadhili hukataa kila siku. Alisimama, akasema ukweli. Alitaja jumba, akataja samaki, akataja mafuriko. Alipofika kwenye gunia la choo alishindwa kumtazama mama yake, lakini akalisema.

Kisha mwanamke mmoja jirani, Njoki, akauliza polepole, "Kwa hivyo hakuwa mgonjwa?"

"Hakuwa."

Ruguru alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha. Hakupandisha sauti.

"Siku ile tulichimba tangu alfajiri," alisema. "Tukapata mitungi minne. Tukaiweka hapo kivulini, tukasema hakuna wa kuigusa, ni ya mgeni, atakuja na vumbi, ataoga, atakunywa. Watoto wakaomba, tukawanyima. Wewe ukapiga simu ukasema ni tumbo, tukadhani akipata nafuu atakuja. Maji hayo yalikaa siku mbili, Njeru. Siku mbili tulikunywa mate tukimwekea mtu uliyekuwa umemficha tusimwone."

"Mama, niliona haya."

"Najua. Ulituonea haya sisi."

Wanawake walianza kuinuka mmoja mmoja, kwa kuwa zamu ya kuteka maji haimngoji mtu. Ruguru naye akainuka, akauchukua mtungi wake. Njeru akaruka na shati lake la pasi, akashika mkono wa mtungi ili ambebee hadi mtoni. Mama yake alimbandua vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Keti tu kivulini," akamwambia, kwa ile sauti ya adabu ambayo hakuwahi kuitumia kwa mwanawe. "Wewe ni mgeni hapa."

Kisha akawafuata wenzake.