Wibari, Herufi Sita

Kidole cha Baba kilikuwa kinakwaruza shuka. Nilidhani ni misuli tu inayojirukia, nikaendelea kusoma.

"Kumi na moja, kwenda chini. Mnyama mdogo wa mawe, hana mkia. Herufi sita, laanza na W."

Nilikuwa najisomea mwenyewe, kwa sauti. Gazeti lilikuwa la wiki iliyopita, limefungiwa maandazi, na fumbo la maneno lilikuwa limelowa mafuta pembeni. Mnyama niliyemjua mimi ni pimbi. Tunawaona kila asubuhi wakiota jua kwenye majabali nyuma ya nyumba yetu hapa Masasi. Lakini pimbi ni herufi tano.

Kidole kikakwaruza tena.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu kiharusi kimwangushe Baba. Mwalimu Hamudi, aliyefundisha sayansi Chiwata miaka thelathini, hakuwa na neno hata moja. Kaka yangu Ashiru alikuja kutoka Newala kila Jumamosi, akamtazama usoni, akasema, "Rukaiya, Baba hayumo humu." Tukakubaliana amchukue akakae kwake, nyumba tuifunge. Siku yenyewe ilikuwa hiyo. Nguo za Baba zilikuwa tayari kwenye kiroba.

Nilimtia penseli mkono wa kushoto, ili tu akome kukwaruza. Akaandika polepole pembeni mwa gazeti, herufi kubwa zilizolala kama za mtoto wa darasa la kwanza: WIBARI.

Sikulijua neno hilo. Nilitoa kamusi yake rafuni. Wibari: pimbi. Nikajaza visanduku sita, kimoja kimoja, vikaenea. Sikuhisi kitu. Nakumbuka tu kwamba chai yangu ilikuwa imefanya utando.

"Baba, unatusikia?"

TANGU SIKU YA KWANZA.

Basi alitusikia tukibishana achimbiwe kaburi wapi. Alimsikia Ashiru, amekalia kitanda hicho hicho, akisema heri angekwenda tu tupumzike, na alinisikia mimi nikijibu, "Kweli."

Ashiru alifika saa tano na gari la kukodi. Nilimpa gazeti bila maelezo. Alisoma, akaligeuza, akasoma tena.

"Baba," alisema, "unataka twende Newala?"

Baba akaandika: HAPANA. Kisha akaongeza: UJI.

Nikaenda jikoni. Niliporudi na bakuli, Ashiru alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, anatoa nguo kwenye kiroba na kuzikunja upya, shati kwa shati. Dereva alipiga honi mara mbili. Hakuna aliyetoka.

Baba aliishi miezi saba zaidi. Aliandika mengi: chumvi, dirisha, mikorosho ipuliziwe dawa. Ashiru aliendelea kuja Jumamosi, na shikamoo yake ilianzia uani. Yale tuliyoyasema, Baba hakuyagusa. Nami nililala chumba kimoja naye, mkekani, miezi yote hiyo, wala sikumwomba radhi.