Gauni la Mapazia

Sultani alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, pini mdomoni, akikata pazia. Lilikuwa pazia jeupe la lesi, na mpaka asubuhi ile lilikuwa limening'inia dirishani kama mapazia ya watu wengine wa heshima pale mtaa wa Saint-Josse, Brussels. Sasa lilikuwa linageuka sketi ya bi harusi. Dirisha lilibaki wazi, na kila mpita njia aliwatazama waliomo ndani kama watu wa kwenye televisheni. Madame Anne-Marie wa nyumba ya pili alikuwa ameshapita na mbwa wake mara kadhaa, naye si mtu wa kumtembeza mbwa sana.

Mkewe, Mwanvua, alikaa kwenye kochi akifumua pindo za pazia la pili. Alifumua kwa nguvu zaidi kuliko uzi ulivyohitaji. Binti yao Sumaya alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwa miezi mingi Mwanvua alikuwa amewatangazia wanawake wa Brussels nzima kwamba gauni litakuwa jeupe, la hariri kutoka Uchina kwenyewe. Maana Sultani, fundi cherehani, alikuwa ameombwa na Hervé, Mbelgiji mwenye duka la vitambaa, amsindikize Shanghai kuchagua mizigo. Alikwenda. Alirudi juzi. Hariri nyeupe hakurudi nayo. Alisema tu kwamba ataeleza, ila kwa mpangilio, kisha akalala.

Tangu asubuhi alikuwa anaeleza kwa mpangilio. Alianza na ndege, ambamo hakusinzia hata kidogo, kwa kuwa aliona si adabu kulala karibu na bega la mtu asiyemjua. Akaja kwenye jiji lenyewe: mto uliojaa meli, winchi za ujenzi kila upande, nguo zilizoanikwa kwenye mianzi juu ya vichwa vya watu. Alisimama chini ya nguo hizo akikagua mishono mpaka polisi akamsogeza. Na baiskeli. Siku ya kwanza kila kengele ya baiskeli aliidhani salamu, akawa anainua mkono kujibu. Kufikia jioni bega lilikuwa linamuuma.

"Papa Sumaya," alisema Mwanvua, "mimi sikuuliza baiskeli. Hariri iko wapi?"

Sultani alitoa pini mdomoni, moja moja.

Siku ya tatu, alisema, Hervé alibaki hotelini akiugua tumbo. Yeye akatoka peke yake, akanunua hariri nyeupe, nzuri kiasi cha kuogopa kuishika. Njaa ikamshika. Akaona mkahawa mkubwa umejaa watu, akaingia. Sasa, mtu aliyelelewa Buyenzi, kule Bujumbura, haingii penye watu akakaa tu kama gunia. Akaanza na meza ya kwanza, akawapa mkono wote, wazee kwa mikono miwili. Meza ya pili hivyo hivyo. Baada ya muda watu walikuwa wanasimama kumsubiri, wengine wanafuta vidole kwa leso, na mpiga picha anamfuata nyuma. Alifurahi kukuta watu wanaojua adabu. Kwenye meza ya mwisho alikuta msichana mwenye gauni jekundu na kijana mwenye ua kifuani, ndipo akaelewa kwamba ilikuwa harusi. Upande wa bwana ulidhani ni mgeni wa bi harusi, upande wa bi harusi ukadhani ni wa bwana, na hakuna aliyetaka kuonekana hamjui.

"Wakakuketisha?" Mwanvua alikuwa ameacha kufumua.

"Kati ya bibi wawili wazee. Wakanijazia sahani. Samaki na wali tu, nyama niliikataa kwa mkono."

"Alors, muntu anakula harusi ya watu, mikono mitupu?"

Hilo ndilo lililomsumbua, alisema Sultani. Kitu kingine hakuwa nacho. Akasimama, akamkabidhi bi harusi ile hariri. Ukumbi ukanyamaza. Baadaye Hervé alimweleza kwamba kule kitambaa cheupe ni cha msibani.

"Sanda," alisema Mwanvua polepole. "Umempelekea mutoto wa watu sanda, siku ya harusi yake."

Alijaribu kukasirika, lakini mabega yalikuwa yameanza kutikisika kwa kicheko.

"Hawakunifukuza," alisema Sultani. "Bibi mmoja aliichukua, akatoka nayo, akarudi na nyingine. Akanipa."

"Nyingine gani?"

Sultani aliinuka, akaenda chumbani, akavuta sanduku lake uvunguni. Alirudi na hariri nyekundu kama pilipili iliyoiva.

"Niliogopa," alisema. "Uliwaambia watu nyeupe."

Mwanvua aliitazama hariri, akatazama pazia lililokatwa, akatazama dirisha.

"Iko humu ndani tangu juzi," alisema. "Na mimi nimeivua nyumba nguo."

Akajitupia hariri begani, akageuka kujitazama kwenye kioo cha dirisha, maana nje giza lilikuwa limeanza kuingia. Upande wa pili wa kioo alisimama Madame Anne-Marie na mbwa wake, bila kujificha tena. Aliitazama ile hariri kwa muda, akainua mkono. Sultani, kwa mazoea, akainua wake.

"Bon. Sumaya anakuja kesho mchana," alisema Mwanvua. "Anayeolewa ni yeye, atachagua yeye."

"Na leo nikate nini?"

"Weka mkasi. Hili la pili lirudishe juu, angalau nusu ya nyumba ijisitiri."

Sultani alipanda kiti, akalitundika pazia lisilo na pindo, nyuzi zake zikining'inia. Sketi iliyokatwa nusu ilibaki sakafuni, pini zake zikiisubiri kesho.