Mjane wa Kyela, Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

"Zimerudi, mama," alisema Adolf, karani wa baraza la ardhi mjini Mpanda, akimsogezea Marselina hoja zake za maandishi. "Mwenyekiti anauliza, 'ile kesi ya mjane wa Kyela' ndiyo kesi gani? Ataipata wapi? Rekebisha ulete leo kabla hatujafunga. Ikipita leo, basi tena."

Basi tena maana yake majaruba ya mpunga kule Majimoto, aliyoyalima na marehemu mumewe, yaende kwa shemeji yake Zablon, mtu ambaye tope la jaruba halijui hata rangi. Marselina alitoka pale amefura kwa hasira. Hukumu ya mjane huyo, aliyeshinda shamba la marehemu mumewe, Marselina alipewa na msaidizi wa sheria, akaisoma mpaka karatasi ikachakaa. Sasa wanataka nini tena?

Kwenye steshenari ya mtaa wa Kawajense, mchapaji Salima alizipitia hoja mara moja tu. "Shangazi, unaweka jina la mdai, dhidi ya, jina la mdaiwa. Mwaka kwenye mabano ya mraba. Halafu kitabu cha hukumu kwa kifupi chake, TLR, na ukurasa. Mtu akitaka, anafungua anasoma mwenyewe."

Marselina akaangua kicheko. "Ndiyo hiyo tu? Mwanangu, mimi nasoma masomo kanisani! Kitabu, sura, aya. Nikisimama pale mbele niseme 'yule mtume alisema mahali fulani', padri si atanishusha?"

Akakaza kitenge, akamsomea kwa sauti ya Jumapili: "Tabu Mwakalinga dhidi ya Asegelile Mwakalinga, mwaka tisini na nne, TLR, ukurasa wa mia na kumi na mbili." Waliokuja kutoa kopi wakageuka kusikiliza. Alipomaliza, jamaa mmoja mwenye bahasha akaitikia kama waumini baada ya somo, "Tumshukuru Mungu." Salima alicheka mpaka akakosea kubonyeza.

Kesi zote zikapangwa hivyo hivyo, na Adolf akazipokea karatasi zikiwa bado na joto la mashine.

Siku ya hukumu Zablon alikaa mbele, kavaa koti jipya. Mwenyekiti akalisoma jina la Tabu Mwakalinga, mwaka, kitabu, ukurasa. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akafungua, akaweka kidole. Mjane wa Kyela alikuwa pale pale. Mwenyekiti akasoma aya nzima bila haraka, kisha akasema majaruba ni ya Marselina.

Marselina akajifunika uso kwa ncha ya kitenge. Ndipo Adolf, kichwa bado kimeinamia mafaili, akasema taratibu, "Tumshukuru Mungu."

Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani. Feni ikaupeperusha ukurasa. Akaurudisha, akauacha wazi.