Chumvi ya Mkono wa Hortense

Wazungu walipoondoka Albertville, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, Lambert alirithi kiti. Kilikuwa cha ngozi, chenye magurudumu, katika biro, yaani ofisi, ya shefu wa stesheni. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kufunga na kufungua mabehewa, akitembea juu ya kokoto za reli kutwa nzima, na afya yake ilikuwa ya kuonewa wivu. Uhuru ukampa kiti, gari la kazi la kumpandisha nyumbani kilimani, bia kila jioni, sigara moja ya kuwashia nyingine, na tumbo. Mkewe Hortense alifurahi. Nani asingefurahi?

Kitu ambacho kiti hakikubadilisha ni ulimi. Lambert alipenda chumvi tangu utotoni. Alikula migebuka iliyokaushwa kwa chumvi, mchuzi wake ukatiwa chumvi tena, na kando ya sahani kikawekwa kibakuli cha chumvi ya Uvinza, iliyovushwa ziwa kutoka Kigoma, achovye bukari, ugali wake, humo.

Ndipo kichwa kikaanza kumgonga asubuhi, na macho kuona giza akiinuka. Hortense alimbembeleza mpaka akakubali kuonwa na daktari, Mhaiti mmoja aliyeletwa na Umoja wa Mataifa. Walikwenda nyumbani kwake, tena kwa mlango wa nyuma, maana shefu hapangi foleni na wagonjwa.

Daktari alimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakijaza tena. Hakupendezwa. Akamwita Hortense, akakishika kidole chake na kukiweka juu ya kifundo cha mkono wa mumewe. Mshipa ulikuwa mgumu, ukiteleza chini ya kidole kama kamba. Hortense aliyesoma kwa masista alikielewa Kifaransa cha daktari, na daktari alisema polepole. Mshipa mzima hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hurudi. Huu umekakamaa, kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani. Moyo unasukuma, mshipa haupokei, na siku moja kitu kitapasuka kichwani. Chumvi iishe, sigara ziishe, bia ipungue. Na atembee kila siku.

Walipofika nje Lambert alicheka.

"Mushipa mugumu! Si njo nguvu ya mwanaume?" Kisha akakasirika. "Nilitembea miaka yote, Wazungu wanaikaa. Leo miye nimeikaa, wananiambia nitembee! Na wewe, Mama Cécile, usimwambie muntu. Hippolyte akisikia shefu iko mugonjwa, kesho atakuwa mu kiti yangu."

Cécile ni binti yao wa kwanza, na Hippolyte alikuwa msaidizi wa Lambert kazini, aliyekitazama kile kiti kama paka anavyotazama samaki. Hortense akaahidi kunyamaza. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Sigara asingeweza kuzitoa mdomoni mwa mumewe, wala gari kuliharibu. Kilichokuwa chini ya mkono wake ni chungu tu. Basi akaloweka samaki na kumwaga maji, akatia nyanya, pilipili, ndimu, na chumvi asiitie kabisa. Kibakuli nacho akakiondoa mezani, akasingizia kwamba mashua za Kigoma zimechelewa. Lambert alinung'unika lakini alikula. Na baada ya muda akaanza kuamka bila kushika kichwa. Hortense alimwona akifunga viatu asubuhi huku akipiga mluzi, akaenda jikoni kulia kwa furaha, peke yake, kwa kuwa hakuwa na wa kumwambia.

Ndipo akaja Alphonsine, dada mkubwa wa Lambert, kutoka Moba. Alikata tonge la kwanza, akachovya, akalitia mdomoni, na taya zikasimama. Akautazama mkono wa wifi yake.

Katika ukoo wao kila binti hufundishwa jambo moja kabla hajaolewa: mke aliyelala na mwanamume mwingine haitii chumvi katika chungu cha mumewe. Akiitia kwa mkono ule na mume akala, ugonjwa utamwangusha. Kwa hiyo mke msafi hutia chumvi bila wasiwasi, na mke mwenye jambo huiogopa. Hortense, mtoto wa mtu wa reli wa Kabalo, aliambiwa hayo siku ya ndoa, akaitikia kwa adabu. Katika kuhangaikia mishipa ya mumewe aliyasahau kabisa.

Jumapili baada ya misa Alphonsine aliwakusanya: mdogo wao Banza, wajomba wawili, na Lambert mwenyewe.

"Lambert, muke wako anapika bila chumvi tangu lini?"

Hortense alimtazama mumewe. Neno moja tu lilitakiwa, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa nalo. Lambert aliwasha sigara.

"Mambo ya jikoni miye siyajui," akasema.

"Ni daktari ndiye—" Hortense alianza.

"Daktari gani?" Lambert alimkata, kwa sauti ile ya biro, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Mwoga mkubwa! Aliogopa kupoteza kiti kuliko kupoteza mke. Banza alikuwa rafiki wa Hippolyte, kila mtu alijua, na Lambert alichagua.

Alphonsine alileta chungu cha mchuzi na mfuko wa chumvi, akaviweka mbele ya wifi yake. "Kama roho yako iko safi, tia. Kama hutaki, mulango ule pale. Watoto ni wa kwetu."

Hortense akafikiri kuhusu Cécile na wadogo zake. Akafikiri kuhusu ule mshipa chini ya kidole chake. Kisha hasira ikampanda, akachota chumvi kwa mkono wake na kuitia, akachota tena, huku akimkodolea mumewe macho. Lambert alikula mbele yao.

"Sasa njo chakula," akasema, na kunyoosha sahani aongezewe. Wajomba wakacheka, shauri likaisha.

Alphonsine hakurudi Moba. Alihamia kwenye kigoda cha mlango wa jikoni, akiutazama mkono wa Hortense kila siku hadi utie chumvi. Maumivu ya kichwa yakarudi, na mluzi haukusikika tena. Hata hivyo Lambert aliendelea kunyoosha sahani.

Alianguka kutoka kwenye kiti chake wakati treni ya Kabalo inapiga honi kuingia. Walimpandisha kilimani kwa gari lile lile. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda kando, ulimi hausemi. Hippolyte alikuja kumpa pole na kuchukua funguo za biro.

"Alikula chumvi ya mukono wake," Alphonsine aliwaambia wajomba. "Sasa munaona."

Hortense alisema yote, kwa kelele: daktari, mlango wa nyuma, bia, sigara, mshipa. Wakamwuliza daktari yuko wapi. Alikwisha kurudi kwao. Akakishika kidole cha Alphonsine, kama alivyoshikwa chake, akakiweka kwenye kifundo cha Lambert.

"Sikia mwenyewe, Mama Alphonsine! Sikia ulivyo mugumu!"

Alphonsine akabonyeza. "Ndiyo, mugumu," akasema. "Mushipa ya ndugu yangu ingali na nguvu. Ni wewe njo umemuharibu."

Wajomba wakaamua Hortense aende kwao na watoto wabaki. Siku ya kuondoka, alisimama kando ya kitanda cha Lambert akiwa na sanduku lake. Cécile alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma, na kilio chake kilisikika. Lambert alimwona mkewe, mdomo ukahangaika, mate yakamtoka. Alitaka kusema, na Hortense alijua alitaka kusema nini.

"Ulikuwa na mudomo, Papa Cécile," akamwambia.

Alphonsine aliingia na bakuli la mchuzi wa kumlisha mgonjwa. Akauonja kwanza.

"Hauna kitu," akasema, na kuufuata mfuko wa chumvi.